Barabara moja, kutoka Nyumba ya Mungu mpaka Njiro

Ngozi ya sato inafunga kidonda cha moto. Sizungumzii dawa ya mtaani. Katika jiji la Fortaleza, kaskazini mashariki mwa Brazili, daktari wa upasuaji Edmar Maciel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará walianza katikati ya miaka ya 2010 kuichukua ngozi ya samaki huyu, kuisafisha, kuua vijidudu vyake na kuilaza juu ya mwili ulioungua. Walianzia maabara na kwa wanyama, wakaja kwa watu wazima, kisha kwa watoto. Kule sato anafugwa mabwawani, minofu inaliwa, ngozi ilikuwa inatupwa. Nasi hapa Moshi ukiingia soko la Mbuyuni unamkuta samaki mbichi, mkavu na wa kukaanga, na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu ni wa ukoo huohuo. Samaki huyu asili yake ni Afrika. Utafiti wake umefanyika ng'ambo ya bahari.

Mimi ni muuguzi. Miaka yangu mingi ya kazi imepita kwenye wodi za upasuaji za hospitali moja hapa mjini, na wagonjwa walionikaa moyoni kuliko wote ni watoto waliounguzwa na maji ya moto, chai, uji na mbege. Mtu wa nje ya Kilimanjaro atashangaa mbege inaingiaje hapo. Huku migombani kinywaji hiki kinapikwa. Ndizi mbivu zinachemshwa saa nyingi kwenye pipa lililokatwa au sufuria kubwa mpaka zigeuke nyekundu, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, ndipo zinachanganywa na uji wa ulezi. Chombo kinakaa chini kwenye mafiga, mdomo wake uko usawa wa kifua cha mtoto wa miaka mitatu. Mtoto anacheza kinyumenyume, anakaa ndani. Mgongo, makalio, mapaja. Ujiuji wa ndizi ni mzito, unang'ang'ania ngozi, na unaendelea kuunguza wakati mama bado anahangaika kumvua nguo.

Utafiti wa vidonda hivi umefika mbali, na baadhi ya malighafi zake zinaota au zinaogelea huku kwetu, lakini wagonjwa wanaouhitaji kuliko wote hawamo ndani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuungua kunaua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi mno kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu theluthi mbili ya vifo hivyo viko Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia. Ninaandika kwa wauguzi wenzangu, kwa vijana wanaosomea udaktari na sayansi huku Kaskazini, na kwa akina mama wanaopika.

Mtoto aliyeungua anaijua sauti ya magurudumu ya toroli la kusafishia vidonda kabla hajaijua sauti ya daktari. Ikisikika kwenye korido, anaanza kulia hata kama inakwenda kitanda cha mwenzake. Krimu nyeupe yenye madini ya fedha, silver sulfadiazine, ambayo nimeipaka tangu nianze kazi, ililetwa na Charles Fox miaka ya 1960. Imeokoa watu wengi, maana kabla yake bakteria aina ya Pseudomonas walikuwa wakiingia kwenye kidonda cha moto mgonjwa haponi. Lakini ikishakaa inageuka utando wa utelezi, lazima uoshwe na kupakwa upya kila siku, na gozi, yaani kitambaa cha kufungia kidonda, inapobanduliwa inaondoka na ngozi changa iliyokuwa imeanza kufunga. Majaribio yamekuja kuonyesha kwamba kwenye kidonda kisichoingia ndani sana krimu hii inachelewesha kupona. Bado tunaitumia, kwa sababu ipo na bei yake inalipika.

Ngozi ya sato inashika kwenye kidonda na kukaa. Ina kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) nyingi ya aina ya kwanza, ileile iliyo nyingi kwenye ngozi yetu, inatunza unyevu na haichaniki ovyo. Kidonda kisipoingia sana, inaachwa hapo mpaka ikauke, na chini yake ngozi ya mtu imeshafunga. Madaktari wa Fortaleza walieleza kuwa wagonjwa wao walibadilishiwa vifungio mara chache zaidi na waliumia kidogo kuliko waliopakwa krimu. Kwa daktari anayepita wodini asubuhi hiyo ni takwimu nzuri. Kwa aliyemshika mtoto mabega huku mwenzake akibandua gozi, kupunguza hata mara moja ya kubandua ni jambo kubwa mno.

Usafishaji wa ngozi hiyo ndio ulionipeleka kwenye somo jingine kabisa. Inaoshwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, inalowekwa kwenye gliserini, halafu inapigwa mionzi ya gama ili kisibaki kijidudu hata kimoja. Mionzi yenye uwezo wa kumchoma mtu mpaka mfupani ndiyo inayoitakasa ngozi ya kumfunika aliyechomwa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilizisaidia nchi nyingi, hasa za Asia, kuanzisha benki za tishu kwa njia hiyohiyo, zikihifadhi ngozi za marehemu na ule utando mwembamba unaomfunika mtoto tumboni, ambao kwenye wodi zetu za wazazi unatupwa pamoja na kondo la nyuma.

Mionzi niliijua kwa mama yangu mkubwa. Alipata saratani ya titi, akapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akatibiwa kwa mionzi kwa wiki kadhaa. Alipona, na leo yuko Marangu anapalilia kahawa yake. Ila aliporudi, ngozi ya chini ya titi na ya kwapani ilikuwa nyeusi tii, imechubuka na inatoa maji. Vitabu nilivyosomea vinasema dalili ya kwanza ya ngozi kuunguzwa na mionzi ni wekundu. Wekundu kwenye ngozi ya nani? Kwake ilianza kwa kuwa nyeusi zaidi na kukaza, na asiyezoea ngozi yetu angesema hakuna kitu. Hili si dogo. Vipimo vinavyotumika kwenye majaribio ya dawa za ngozi ya mionzi kwa sehemu kubwa vinategemea macho, na macho hayo yalifundishwa kwa ngozi nyeupe. Jaribio likifanyika huku, kitu cha kwanza tungelazimika kukiandika upya ni hicho.

Nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, nikamkataza sidiria ya kubana, marashi na jua. Siku hizi kuna utando mwembamba wa silikoni unaobandikwa kabla ngozi haijachubuka, na kuna krimu ya kutuliza uvimbe, mometasone. Vyote viwili vimeonekana kwenye majaribio kupunguza ule mchubuko wa maji. Yeye alipona kwa maji, uvumilivu na kaniki laini. Miaka ilivyopita ngozi ile ikawa ngumu na bega likakaza, hata kufikia tawi la juu la mkahawa kukawa shida. Huko Paris, daktari Sylvie Delanian alijaribu kuwapa wagonjwa wa aina hii vidonge vya pentoxifylline, dawa ya zamani ya mzunguko wa damu, pamoja na vitamini E kwa miezi mingi, na kwa baadhi yao ngozi ililainika. Majaribio ya wengine hayakupata matokeo mazuri kiasi hicho. Hata hivyo napenda utafiti wa namna hii, unaochukua dawa ambayo tayari ipo duniani kwa bei nafuu na kuiuliza swali jipya.

Kidonda cha mionzi ni tofauti na cha moto, na tofauti yenyewe inahitaji kueleweka vizuri. Moto unaua palepale. Kesho yake au keshokutwa daktari mzoefu anaweza kukuonyesha kwa kidole wapi pamekufa na wapi pazima. Mionzi inaziharibu seli shina zilizo chini kabisa ya ngozi, zile zinazozalisha ngozi mpya, huku seli za juu zikimalizia siku zao za kawaida. Kwa hiyo mtu anaonekana mzima. Siku au wiki zinapita, seli za juu zinadondoka na hakuna za kuzirithi, ndipo malengelenge yanapotokea na kidonda kufunguka. Kikifunga, kinaweza kufunguka tena baada ya miezi, kwa sababu mishipa midogo ya damu nayo inaendelea kuziba polepole. Ukipandikiza ngozi juu yake, mara nyingi inakufa. Ni sawa na kupanda mgomba kwenye shamba ambalo mfereji wake umekatwa huko juu mlimani. Mche hauna kosa, maji hayafiki.

Ndiyo maana kisa cha Chile kilinifanya nisome mpaka usiku wa manane. Desemba 2005, kwenye ujenzi wa kiwanda huko Nueva Aldea, kipande cha iridium-192, metali yenye mionzi mikali, kilitoka kwenye mashine ya kupigia picha maungio ya kulehemu. Kijana mmoja wa kazi alikiokota, kitu kidogo cha kung'aa, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Miaka sita kabla, Februari 1999, fundi wa kulehemu huko Yanango, Peru, alifanya vilevile na akaishia kukatwa mguu. Kijana wa Chile alipelekwa hospitali ya kijeshi ya Percy, karibu na Paris. Wataalamu wa fizikia walitengeneza kwa kompyuta ramani ya dozi iliyoingia kila sehemu ya kalio lake, na madaktari wakakata kwa kufuata ramani hiyo, wakiondoa nyama iliyopokea zaidi ya grei 20 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) hata pale ambapo jicho lisingeona ubaya. Kisha walichukua uboho wake mwenyewe, wakazikuza seli shina zake maabara na kumchoma kwenye kidonda. Kidonda kilifunga na maumivu yakaondoka. Jean-Jacques Lataillade na wenzake walikitangaza kisa hicho mwaka 2007, kikiwa cha kwanza cha aina yake. Inaaminika kwamba seli zile hazigeuki kuwa ngozi. Zinatoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuita mishipa mipya ya damu. Yaani zinafungua ule mfereji.

Wapo watakaosema mambo ya mionzi hayatuhusu. Nawaomba wasome habari za Goiânia, Brazili, mwaka 1987. Vijana wawili waliingia kwenye kliniki ya tiba ya mionzi iliyokuwa imehamwa, wakang'oa kichwa cha mashine wakidhani ni chuma cha bei, wakakisukuma kwa toroli hadi nyumbani na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa cesium-137, nao una mionzi mikali, uliokuwa uking'aa rangi ya buluu gizani. Mwenye yadi aliwaita ndugu na jirani waje kuona. Mtoto wa miaka 6, Leide das Neves Ferreira, aliuchezea, akala chakula kwa mikono ileile. Watu 4 walifariki mwezi Oktoba, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi mwilini au kwenye nguo, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Aliyeokoa jiji ni mwanamke, Gabriela Maria Ferreira, mke wa mnunuzi. Aliona kila mtu nyumbani kwake anaugua, akakishuku kile kitu, akakitia kwenye mfuko wa kubebea na kupanda nacho basi kukipeleka ofisi ya afya. Yeye ni mmoja wa wale wanne.

Nikipita Njoro au Majengo nawaona vijana wetu wa skrepa na mikokoteni yao, wakipasua vyuma kwa nyundo, na ninamkumbuka Gabriela. Kijana wa skrepa akijua ile alama ya njano ya mapanga matatu, au ile nyekundu iliyoongezwa mwaka 2007 yenye fuvu na mtu anayekimbia, hiyo tayari ni kinga. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara pale Njiro, Arusha. Beji ndogo ambazo wenzangu wa chumba cha eksirei wanavaa kifuani zinapelekwa kwao kusomwa dozi. Chuma chochote chenye alama hiyo kisiguswe, waitwe.

Kutoka Goiânia utafiti ulipata mengi. Watu 46 walimezeshwa Prussian blue, rangi ambayo wachoraji wameitumia kwa zaidi ya karne mbili. Tumboni inaikamata cesium na kutoka nayo chooni, isirudi kwenye damu. Hapohapo wagonjwa kadhaa walipewa dawa ya kuamsha uboho utengeneze seli nyeupe, wakati huo ikiwa bado changa. Hilo lilikuwa jambo zito, maana mwaka mmoja kabla, kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, watu 134 walithibitika kuugua ugonjwa mkali wa mionzi na 28 kati yao walifariki ndani ya miezi michache. Kumi na watatu walipandikizwa uboho wa watu wengine na wengi wao hawakupona, kwa kuwa uboho haukuwa jeraha lao pekee. Ngozi zao zilikuwa zimeungua vibaya kwa mionzi ya beta, na kidonda cha ngozi kwa mtu asiye na seli nyeupe ni mlango uliobaki wazi kwa kila kijidudu.

Ilichukua mpaka Machi 2015 kwa Marekani kuidhinisha dawa ya kwanza kwa ajili ya uboho uliopigwa na mionzi, filgrastim. Ushahidi ulitokana na nyani, chini ya kanuni ya mwaka 2002 inayoruhusu hivyo pale ambapo kujaribu kwa binadamu ni uovu usiofikirika. Muuguzi yeyote wa wodi ya saratani anaijua filgrastim, ni sindano ya kumwinua mgonjwa ambaye dawa za saratani zimemshusha seli nyeupe. Ukiijaza stoo ya saratani, umejiandaa pia kwa ajali ya mionzi.

Fedha za utafiti huu zinatoka wapi? Nyingi zinatoka kwenye hofu ya bomu. Marekani ina mamlaka yake, BARDA, iliyoundwa mwaka 2006 kugharamia dawa za maafa makubwa, na ilipopiga hesabu ya mlipuko wa nyuklia iliona kwamba majeruhi wa moto watakuwa maelfu na vitanda vyao ni vichache. Kwa hiyo ikagharamia vitu vya kila siku vinavyopunguza kazi ya upasuaji. Kuna ReCell, iliyotokana na kazi ya Fiona Wood huko Perth, Australia: kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa kinageuzwa maji ya seli yanayopulizwa, na kinaweza kufunika eneo mara 80 ya ukubwa wake. Kuna StrataGraft, iliyoidhinishwa Juni 2021, ngozi iliyooteshwa maabara kutokana na seli za binadamu. Na kuna NexoBrid, iliyotengenezwa Israeli, ambayo kwa saa 4 inayeyusha ngozi iliyokufa na kuiacha nzima, bila kisu. Vimeng'enya vyake vinatoka kwenye shina la nanasi. Sehemu tunayoitupa baada ya kuvuna! (Tafadhali asije mtu akasugua nanasi kwenye kidonda cha mtoto. Vimeng'enya vile vimechujwa, vimepimwa, na mgonjwa anapewa dawa ya maumivu kwanza.)

Sisi hatuhitaji kuwaza bomu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100, wengine palepale, wengine siku na wiki zilizofuata wodini. Siku kama ile hospitali yoyote inahitaji kitu cha kufunika miili mingi kwa haraka, kinachotunzika kwenye kabati, kisichohitaji daktari bingwa kukiweka. Hicho ndicho BARDA inakitafuta kwa mabilioni.

Bei ya vitu hivyo haitufikii, na sitaki kuishia kulalamikia bei. Mageuzi makubwa kuliko yote kwenye tiba ya kuungua yalihitaji kisu na ujasiri. Zora Janžekovič, daktari wa Maribor, Slovenia, iliyokuwa Yugoslavia, alichoka kungoja ngozi iliyokufa ioze na kudondoka yenyewe. Alianza kuiparura tabaka kwa tabaka siku chache tu baada ya ajali, mpaka aone damu hai, na kupandikiza ngozi papo hapo. Aliandika mwaka 1970, na dunia nzima ikamfuata. Na kabla ya kisu kuna maji. Mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 20 ya mwili anahitaji, kwa hesabu ya mililita 4 mara kilo mara asilimia, mililita 960 za dripu ndani ya saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za mwanzo, mbali na mahitaji yake ya kawaida. Saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika getini. Mtoto aliyetoka juu migombani kwa bodaboda, akapitishwa kwanza duka la dawa, anafika nusu ya muda huo imeshaliwa.

Na anafika amepakwa. Dawa ya meno, ute wa yai, unga, manyoya ya sungura. Manyoya ndiyo yananitesa, kwa sababu nayatoa moja moja kwa kibanio. Kinachotakiwa ni maji safi ya bomba yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, si barafu. Yanasaidia hata kama saa moja au mbili zimepita. Vua nguo na bangili, funika kwa kitambaa safi, mfunike na sehemu iliyobaki asipigwe baridi, nenda hospitali. Na mtu wa kifafa akiangukia jikoni, mvute. Povu la mdomoni haliambukizi. Nimeona miguu iliyokatwa kwa sababu watu walisimama wakiogopa povu.

Sasa narudi kwenye barabara niliyoitaja kwenye kichwa. Perege wanavuliwa Nyumba ya Mungu. Migomba iko mlimani kote, na huko India Madhuri Gore na mwenzake walitangaza mwaka 2003 kwamba jani la mgomba lililotakaswa kwa mvuke, likifunika kidonda cha moto au pale ngozi ya kupandikiza ilipochukuliwa, linabanduka bila kuumiza kwa sababu ya nta yake, na gharama yake ni ndogo sana. Wagonjwa wapo Moshi, na pamoja nao Chuo Kikuu cha KCMC na watafiti wake. Ukishika njia ya Arusha, unafika Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, wanakosoma vijana wa sayansi ya malighafi. Ukiendelea kidogo uko Njiro, kwa wanaoijua mionzi. Kutoka Moshi ni kilomita 80 na ushei, kwa Coaster unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Samaki, jani, mgonjwa, maabara na kipima mionzi, vyote kwenye lami moja. Ni sehemu chache duniani zina hivyo.

Jaribio la jani la mgomba dhidi ya gozi ya mafuta kwa watoto waliounguzwa na maji ya moto halihitaji mashine ya mabilioni. Linahitaji mtu wa kuandika itifaki, kibali cha maadili, mashine ya kutakasia kwa mvuke inayofanya kazi, na wauguzi wa kupima maumivu ya mtoto kila mara kwa kipimo kilekile. Sisi wauguzi tunaweza hilo la mwisho kuliko yeyote. Ningeongeza kipimo kimoja ambacho tafiti za nje hazikipi uzito: keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, baada ya mwaka. Ngozi yetu inaota keloidi kuliko ngozi nyeupe, na kovu la mtoto linavuta kidevu kwenye kifua au vidole kwenye kiganja muda mrefu baada ya takwimu za "kidonda kimefunga" kuchapishwa. Walionusurika Hiroshima na Nagasaki wengi waliota keloidi kwenye makovu yao ya moto, zikaandikwa sana na madaktari wa Japani. Na leo keloidi sugu ikikatwa, dozi ndogo ya mionzi ni mojawapo ya njia za kuizuia isirudi. Swali la lini ni salama kufanya hivyo kwa kijana wa Kitanzania ambaye ana miaka mingi ya kuishi mbele yake, lingejibiwa vizuri zaidi na Watanzania.

Kama wewe ni mwanafunzi wa uzamili Tengeru au hapa Moshi na unatafuta mada, niandikie hapa chini. Nitakueleza kidonda kinavyokwenda siku kwa siku, vitu ambavyo havimo kwenye jedwali la matokeo.

Jumapili ijayo baada ya misa ya pili niko Kibosho na akina mama wapika mbege, pamoja na fundi mwashi. Tunajenga meko ya mfano yenye ukuta wa mawe unaozunguka pipa, wa juu kumpita mtoto wa miaka minne, na mlango upande wa kuni tu. Mawe yapo. Saruji imepungua mifuko miwili. Mwenye nayo ailete dukani karibu na kanisa, ataje mbege, watampokea.